Kupanga livu ya mwaka mzima kwa kufuata sikukuu: mwongozo wa anayefanya kazi Nairobi

Kila Novemba naulizwa maswali yale yale. Niombe livu siku gani? Jamhuri ikiangukia Jumapili tunapewa Jumatatu ama inapotea hivyo? Idd ni lini kamili? Na mbona wiki ya Krismasi imekataliwa na bado nina siku kumi na mbili? Nimeona niandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa mtu anayepanga mara ya kwanza. Mifano ni ya mwaka 2027 lakini njia ni ile ile mwaka wowote, unabadilisha tarehe tu.

Jambo moja nakuomba ulishike kabla hatujaanza: anza na watu wako, kalenda ije baadaye. Wengi wanachukua kalenda, wanatafuta pa kuunga siku mbili na wikendi, wanajipatia mapumziko mazuri sana ya Mei na Juni, halafu Disemba inafika mama anawangoja nyumbani na siku zimeisha. Sikukuu zetu zina desturi zake, kuna siku usipoonekana hakuna anayekuuliza na kuna siku usipoonekana utaulizwa miaka mitano.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalenda inayoonyesha miezi yote kumi na miwili kwa pamoja. Ile ya ukutani unayopewa na duka ama sacco ni bora kuliko ya simu, juu kwa simu unaona mwezi mmoja mmoja na huwezi kuona venye Pasaka imekaa karibu na kufunga shule.
- Salio lako la livu kutoka HR, kwa maandishi. Si lile unalokumbuka kichwani.
- Barua yako ya ajira, ile uliyosaini. Tafuta ukurasa wa livu.
- Tarehe za kufungua na kufunga shule kutoka Wizara ya Elimu, kama una watoto ama unalea wa ndugu yako.
- Kalamu za rangi tatu.
- Simu yenye kredito ya kuongea na watu wa nyumbani bila haraka.

Hatua ya 1: Jua siku zako ni ngapi kweli

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila baada ya miezi 12 ya kufanya kazi. Angalia hapo, ni siku za KAZI. Maana yake siku yako ya mapumziko ya wiki na sikukuu zikianguka katikati ya livu yako hazihesabiwi. Ukichukua wiki ya Pasaka na kuna Jumatatu ya sikukuu ndani, hiyo Jumatatu haikatwi kwa siku zako. Nimeona fomu nyingi mtu amejaza siku tano mahali alipaswa kujaza nne, na hakuna aliyemrekebisha.

Kama unafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, basi Jumamosi kwako ni siku ya kazi na itakatwa, kwa hivyo hesabu zako zitatofautiana kidogo na hizi zangu. Mimi nahesabu ya Jumatatu hadi Ijumaa.

Sheria hiyo hiyo inasema livu yako inaweza kugawanywa mkikubaliana, lakini sehemu moja lazima iwe angalau wiki mbili mfululizo, isipokuwa mkataba wenu umesema vingine. Hii ni haki yako, itumie, mwili unahitaji hizo wiki mbili. Na kama ndio umeingia kazini mwaka haujaisha, kipimo cha kawaida ni siku 1.75 kwa kila mwezi uliofanya, uliza kazini kwenu kama wanakuruhusu kuchukua kabla mwaka haujatimia.

Sasa kwa hizo 21 toa tano uziweke kando kabisa. Usizipangie chochote. Hizo ni za matanga, mtoto kulazwa, mzee kuitwa Kenyatta kwa kliniki na ni wewe uko Nairobi wa kumpeleka. Sheria ya Ajira haina livu ya msiba, ukiwa nayo ni kwa sababu kampuni yako imeamua, na hata ikiwepo mara nyingi ni ya mzazi, mume ama mke na mtoto. Shangazi aliyekulea hayumo. Ugonjwa wako mwenyewe una livu yake, huo usiuhesabu hapa.

Umebaki na 16.

Hatua ya 2: Piga simu nyumbani

Kabla hujagusa kalenda ongea na mzazi, ama kaka mkubwa, ama yule binti wa familia anayejuaga kila kitu. Uliza mambo haya: mwaka huu kuna ruracio ama ayie (sherehe za mahari za Wakikuyu na Waluo) ama harusi ya nani na inakisiwa mwezi gani? Kuna kumbukumbu ya marehemu, kuna jiwe la kaburi linawekwa? Kuna mtoto anapashwa tohara Agosti ama Disemba? Mkutano wa familia ni wa tarehe ngapi? Kama kwenu ni kwa Wabukusu unajua tohara ni Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hivyo 2026 na 2028 Agosti yako tayari imeshikwa lakini 2027 uko huru. Kama ni Vihiga, tarehe 26 Disemba kuna tamasha la Wamaragoli pale Mbale na ndugu wengi wanapanga kukutana siku hiyo hiyo.

Kama umeoa au umeolewa piga simu mbili. Familia mbili zinazotaka Krismasi moja huwa zinaleta ugomvi ambao ungeisha Januari kwa maneno matano: mwaka huu kwenu, ujao kwetu. Zungumzeni mapema, mseme na wazazi wote mapema, na mtu asiambiwe tarehe 20 Disemba kwamba wajukuu hawaji.

Zile tarehe zisizosogezeka ziwekee rangi nyekundu. Hizo ndizo nguzo, zingine zote zitazizunguka.

Hatua ya 3: Weka sikukuu zenye tarehe moja kila mwaka

Chukua rangi ya pili. Za 2027 zimekaa hivi:

- 1 Januari, Mwaka Mpya, Ijumaa.
- 1 Mei, Siku ya Wafanyakazi, Jumamosi.
- 1 Juni, Madaraka, Jumanne.
- 10 Oktoba, Mazingira, Jumapili.
- 20 Oktoba, Mashujaa, Jumatano.
- 12 Disemba, Jamhuri, Jumapili.
- 25 na 26 Disemba, Krismasi na Boksingi Dei, Jumamosi na Jumapili.

Kanuni ya kuelewa hapa ni moja tu na iko kwenye Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110. Sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo si sikukuu inakuwa mapumziko. Ikiangukia Jumamosi hakuna kitu, imeenda. Kwa hivyo 2027 unapata Jumatatu tatu: 11 Oktoba, 13 Disemba na 27 Disemba. Siku ya Wafanyakazi haikusaidii, na Krismasi yenyewe pia imeangukia Jumamosi kwa hivyo kinachokuokoa ni Boksingi Dei. 2026 ndio mbaya zaidi, Mazingira na Jamhuri zote mbili Jumamosi.

Ukikuta kalenda ya zamani imeandika Moi Dei, Huduma ama Utamaduni hapo tarehe 10 Oktoba usichanganyikiwe, ni siku hiyo hiyo imebadilishwa jina mara kadhaa, tangu 2024 ni Mazingira na watu wanahimizwa kupanda miti. Kama una shamba nyumbani ni wikendi nzuri ya kwenda na miche, sehemu nyingi mvua za vuli zinakuwa karibu.

Madaraka, Mashujaa na Jamhuri zina jambo lingine la kuangalia. Sherehe kuu ya Madaraka na Mashujaa huzungushwa kaunti hadi kaunti, mwaka 2025 Madaraka ilikuwa Homa Bay na Mashujaa Kitui. Ukisikia ni kaunti yenu, hoteli zitajaa na bei zitapanda wiki nzima, buku mapema ama lala kwa ndugu. Jamhuri mara nyingi ni hapa Nairobi, ikiwa Nyayo ama Uhuru Gardens basi asubuhi barabara za Lang'ata na karibu na uwanja zinafungwa, kwa hivyo usipange kupeleka mtu uwanja wa ndege wa Wilson saa mbili kupitia huko.

Kuna mwaka wa uchaguzi pia. Katiba inasema uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, 2027 hiyo ni tarehe 10 Agosti. 2017 na 2022 siku ya kura ilitangazwa mapumziko. Ukiwa umejiandikisha nyumbani, hii ni safari ya lazima, iwekee rangi nyekundu pamoja na zile za familia.

Hatua ya 4: Weka zinazohama, kwa penseli

Pasaka unaijua miaka mapema. 2027 Ijumaa Kuu ni 26 Machi na Jumatatu ya Pasaka ni 29 Machi. Hizo andika kwa wino.

Idd andika kwa penseli. Idd-ul-Fitr 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, na Idd-ul-Azha karibu na 16 ama 17 Mei, lakini mwezi ndio wenye neno la mwisho. Kila mwaka zinarudi nyuma kama siku 11. Hapa ndipo wasiokaa na Waislamu wanakosea sana: wanaona tarehe kwa intaneti, wanabuku treni, halafu mwezi hauonekani na Idd inasogea siku moja. Usiku wa tarehe 29 ya Ramadhani ukifika, nenda Eastleigh ama South C uone venye watu wanaishi na hilo jambo. Maduka hayafungi, fundi cherehani ana kanzu za watoto tano bado hazijapindwa upindo na wenyewe wamekaa kwa benchi wanangoja, akina mama washanunua mchele wa pilau lakini nyama hawajaitoa kwa friza, kila mtu simu mkononi anasubiri Kadhi Mkuu atangaze. Tangazo likitoka saa tatu usiku mtaa wote unaamka upya. Kwa hivyo ukiwa Muislamu, ama una bosi wa kumwelewesha, omba siku mbili zinazofuatana na umwambie wazi moja itarudi. Ukiwa si Muislamu lakini umealikwa kwa jirani, weka hiyo siku wazi kabisa, na ubebe mkono wa Idd wa watoto, noti ndogo ndogo mpya zinawafurahisha kuliko noti moja kubwa.

Idd-ul-Fitr iko kwa sheria kama sikukuu ya kila mtu. Idd-ul-Azha miaka ya karibuni imekuwa ikitangazwa kwa gazeti rasmi la serikali siku chache kabla, kwa hivyo usiipangie safari ukiitegemea kama mapumziko ya bure. Diwali ni mwisho wa Oktoba 2027, sheria inaitambua kwa Wahindu, na kama ofisi yenu wenyewe ni Wahindu uliza mapema, kuna zinazofunga na kuna zinazofungua nusu siku.

Hatua ya 5: Unga siku

Sasa ndio tunakuja kwa kile wengi wanaanza nacho. Rangi ya tatu. Una siku 16. Angalia venye mimi ningezigawa 2027, wewe utarekebisha kulingana na nyekundu zako:

Pasaka, siku 4. Chukua Jumanne 30 Machi hadi Ijumaa 2 Aprili. Unatoka Ijumaa Kuu 26 Machi unarudi kazini Jumatatu 5 Aprili, siku kumi nzima. Linganisha na tarehe za kufunga shule kwanza, kama watoto bado wako darasani hiyo wiki basi sogeza siku zako mbele mpaka wafunge.

Madaraka, siku 1. Jumatatu 31 Mei. Unapata Jumamosi hadi Jumanne, siku nne kwa bei ya moja.

Uchaguzi, siku 2. Jumatatu 9 Agosti ya kusafiri na Jumatano 11 ya kurudi. Kama unataka kukaa mpaka matokeo yatangazwe ongeza siku kadhaa, Katiba inawapa siku saba za kutangaza, na 2022 ilichukua kuanzia Jumanne ya tarehe 9 hadi Jumatatu ya tarehe 15.

Disemba, siku 9. Chukua Jumatatu 20 hadi Ijumaa 24, halafu Jumanne 28 hadi Ijumaa 31. Unatoka Jumamosi 18 Disemba, unaingia kazini Jumatatu 3 Januari 2028. Siku 16 mfululizo, na hapo zile wiki mbili za sheria zimetimia.

Jumla 16. Oktoba haujagusa livu hata moja na bado una wikendi ya siku tatu kuanzia tarehe 9 hadi 11. Mashujaa ni Jumatano, pumzika tu nyumbani, fua, lala, peleka watoto Uhuru Park. Kuna watu watakuambia unge Alhamisi na Ijumaa pia, sawa, lakini mimi naona hizo siku mbili zina kazi kubwa zaidi Disemba.

Kosa la kuepuka hapa: usichukue Ijumaa moja moja mwaka mzima. Zinaonekana ndogo, lakini Ijumaa nane ni Krismasi yako imeenda, na Ijumaa moja hailazi mtu akapumzika, unaishia kwa foleni ya benki.

Na kama kazi yako ni ile isiyofunga sikukuu, hospitali, ulinzi, supamaketi, hoteli, wewe panga kinyume. Jitolee kufanya Pasaka na Mashujaa mapema, iandikwe, ndio ukiomba Krismasi uwe na la kusema. Chini ya agizo la jumla la mishahara kazi ya sikukuu inalipwa mara mbili, ama mkubaliane siku nyingine badala yake. Angalia payslip ya mwezi huo kama imeingia.

Hatua ya 6: Omba mapema na iwe kwa maandishi

Januari, wiki ya pili, watu wakishatulia. Peleka mwaka mzima kwa mara moja badala ya kuomba kipande kipande. Meneja anapenda kuona umefikiria kazi pia. Unaweza kuandika hivi:

"Habari ya asubuhi bosi. Naomba kupanga livu yangu ya 2027 mapema ili isigongane na ya wengine. Naomba 30 Machi hadi 2 Aprili, 31 Mei, 9 na 11 Agosti, na 20 hadi 31 Disemba, jumla siku 16 za kazi. Ripoti za mwisho wa mwezi wa Machi nitamaliza tarehe 24, na za Disemba nitamaliza tarehe 16. Nimeongea na mwenzangu wa dawati, yuko tayari kunishikia Pasaka na mimi nitamshikia Agosti baada ya kura. Naomba jibu lako kwa imeili ndio nianze kubuku usafiri. Asante."

Umeona, kuna tarehe, kuna idadi, kuna nani anabaki, na kuna ombi la jibu la maandishi. Ile "sawa tutaona" ya kwenye korido usiihesabu kama ruhusa. Watu wamenunua tiketi kwa "sawa tutaona" na Disemba meneja amebadilishwa, mpya hajui lolote.

Usilipe usafiri wala hoteli kabla hujapata hilo jibu.

Hatua ya 7: Safari

Sababu ya kuweka livu kabla ya Krismasi ni barabara. Kati ya tarehe 20 na 24 Disemba Nairobi yote inatoka kwa siku hizo tano. Ingia Machakos Country Bus jioni ya tarehe 23 utaelewa: familia imekalia magunia na ndoo ya rangi iliyojaa unga wa ngano na mafuta ya kupikia chapati, mtoto amelala juu ya godoro lililokunjwa kwa kamba, makanga anataja nauli na baada ya dakika kumi anataja nyingine kubwa zaidi, na kuna mzee anahesabu pesa zake mara ya tatu akijua hazitoshi watu wanne. Nauli ya wiki hiyo inaweza kufika mara mbili ya kawaida. Ukitoka tarehe 18 unalipa kama mtu wa kawaida na unakaa kiti ulichochagua.

Kurudi ni vile vile. Usirudi Jumapili ya mwisho. 2 Januari 2028 kila mtu anarudi na watoto wa shule wako njiani, Gilgil hadi Kinungi gari inasogea kwa hatua. Rudi Alhamisi 30 Disemba, ama Ijumaa asubuhi uwahi ibada ya kesha, halafu una wikendi ya kufua na kununua yunifomu.

Wa Mombasa, Madaraka Express inajaa mapema sana msimu huu. Tiketi buku kwa *639# ama kwa tovuti yao, siku ile ile zinapofunguliwa, ukiwa na namba za vitambulisho za wote, na ukumbuke treni inatokea Syokimau, si katikati ya mji, kwa hivyo hesabu jamu ya Mombasa Road na foleni ya ukaguzi wa mizigo. Tiketi nunua mwenyewe, usimtumie pesa mtu anayesema ana zimebaki.

Wa magharibi, muulize dereva ama sacco kuhusu njia kabla ya kulipa. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit ujenzi ulianza mwisho wa 2025 na foleni zinabadilika. Wa Kisii na Migori njia ya Narok inawaepusha na Nakuru kabisa. Na Pasaka angalia Safari Rally iko lini, 2024 iliangukia wikendi yenyewe ya Pasaka na Naivasha haikuwa na pa kulala wala pa kupita.

Ukiendesha mwenyewe toka alfajiri, usitoke usiku baada ya kazi. Salgaa imeua watu wetu wengi mno. Kufika kesho mchana hakuna ubaya wowote.

Hatua ya 8: Panga livu ya dada wa kazi pia

Naiandika kama hatua peke yake juu inasahaulika kila mwaka. Dada anayekusaidia nyumbani ni mfanyakazi kama wewe, sheria ile ile ya siku 21 ni yake pia, na ana mama anayemngoja Kitale ama Kitui. Kaa naye Oktoba umuulize anataka kwenda lini. Mpe tarehe, mpe nauli ya msimu, isiwe ya kawaida, na mshahara wa Disemba umlipe kabla hajaondoka. Wengi wanaosema "ameenda Krismasi hakurudi" walimshikilia mpaka tarehe 24 saa kumi jioni wakamwachilia kwa steji nauli ikiwa juu kabisa. Ukimtendea vizuri atarudi, na kama hatarudi atakuambia mapema utafute mwingine.

Ikikwama

*Wiki ya Krismasi imekataliwa.* Uliza ni nani amepewa na kwa kipimo gani, kwa upole. Halafu toa mbadala: nipe 13 hadi 24, nitakuwa ofisini 28 hadi 31. Hiyo wiki ya mwisho huwa kimya na wakubwa wanashukuru kupata mtu wa kubaki. Na hiyo Jumatatu 13 ni ya Jamhuri, kwa hivyo inakukata siku tisa tu.

*HR amekata siku ya sikukuu kwa livu yangu.* Jibu imeili yao na tarehe ya sikukuu hiyo, taja kwamba siku 21 ni za kazi, uombe irudishwe. Mara nyingi ni mfumo haukuwekewa sikukuu za mwaka mpya, hakuna mtu aliyekusudia.

*Serikali imetangaza mapumziko ya ghafla.* Inatokea. 13 Novemba 2023 ilikuwa ya kupanda miti, 1 Novemba 2024 ya kuapishwa naibu rais ikatangazwa siku moja kabla, na 17 Oktoba 2025 ya ibada ya kitaifa ya mazishi ya Raila Odinga. Kama ulikuwa kwa livu siku hiyo omba irudishwe. Na kama imekufikia kwa picha ya WhatsApp tu, thibitisha kwa Wizara ya Usalama wa Ndani kabla hujakaa nyumbani, barua za uongo huzunguka kila msimu.

*Msiba umetokea na zile tano zimeisha.* Ongea na meneja moja kwa moja, kwa simu. Omba kukopa siku za mwaka ujao ama siku bila malipo, na uende ukazike. Wakikupa, andika imeili fupi ya kuthibitisha ukiwa njiani.

*Mwaka unaisha na nina siku zimebaki.* Soma barua yako ya ajira inasemaje kuhusu kuvusha. Kisheria zile wiki mbili za mfululizo unazichukua ndani ya mwaka wako wa livu, na zinazobaki ndani ya miezi 18 tangu mwaka huo uishe, kwa hivyo usikubali kuambiwa zimepotea 31 Disemba bila kuonyeshwa mahali pameandikwa. Mwombe HR akuandikie idadi na tarehe ya mwisho ya kuzitumia, halafu uziweke kwa kalenda mpya kabla ya kitu kingine chochote.